Sayyidna Umar na Kilio cha Usiku

 

Hebu nikuulize. Ushawahi kulala usiku, mara moyo ukakwambia: mbona yule mzee wa nyumba ya pili leo sikumuona msikitini? Mbona wale watoto wa yule mjane wamenyamaza hivi karibuni? Halafu ukageuka upande wa pili, ukavuta shuka, ukajiambia ni mawazo tu. Wengi wetu ndivyo tulivyo. Kwetu tunasema machale yamemcheza mtu. Wanazuoni wana majina yao, firasa na ilhamu. Leo nataka tumtazame mtu aliyejaaliwa moyo wa namna hiyo, na tuone aliutumia vipi.

Mtu huyo ni Sayyidna Umar bin Al-Khattab (r.a.). Bwana Mtume (s.a.w.) alieleza kwamba katika mataifa yaliyopita walikuweko watu waliokuwa wakitiwa ilhamu, na ikiwa yuko wa aina hiyo katika umma wake, basi ni Umar. Si sifa ndogo hiyo. Lakini usidhani alizaliwa na moyo laini.

Alizaliwa Makka katika ukoo wa Bani Adi, yapata miaka 13 baada ya Mwaka wa Tembo. Utotoni alichunga ngamia wa baba yake, na Khattab alikuwa mzazi mkali. Akimchosha kwa kazi na kumpiga akizembea. Akakua mrefu, mwenye nguvu, na hasira zake zikajulikana mji mzima. Uislamu ulipokuja aliupiga vita. Watu wa sira wanasimulia kwamba siku moja alitoka na upanga kwenda kumuua Mtume (s.a.w.). Njiani akaambiwa atazame kwanza nyumbani kwao, manake dada yake Fatma na mumewe wameshasilimu. Akaenda mbio, akampiga shemeji yake, na dada yake alipoingia kati akampiga naye mpaka damu ikamtoka.

Hapo ndipo pa kuzingatia, kijana mwenzangu. Alipoiona ile damu, alisita. Aliona haya. Mtu aliyekuja na upanga akaomba apewe kile walichokuwa wakisoma, nacho kilikuwa Sura Twaha. Siku ile ile akaenda kusilimu. Ilikuwa kama mwaka wa 6 wa utume. Kumbe ndani ya ule ukali mlikuwa na moyo unaoweza kusimamishwa na maumivu ya mtu mwengine, hata kama aliyeyaleta maumivu hayo ni yeye mwenyewe.

Miaka ikapita. Mwaka wa 13 Hijria (634), baada ya kufa Sayyidna Abubakar (r.a.), Umar akawa Khalifa. Katika zama zake Waislamu waliingia Sham, Iraq, Misri na Fursi. Aliweka hesabu ya miaka ya Hijria tunayoitumia mpaka leo. Hata tarawehe tunayoiswali nyuma ya imamu mmoja tunamkumbukia yeye. Usiku mmoja wa Ramadhan alitoka akakuta watu msikitini wametawanyika, huyu peke yake, wale kundi lao. Akaona bora wakusanyike, akawaweka nyuma ya Ubayy bin Kaab (r.a.).

Umeona neno hilo? Alitoka. Mtawala wa nchi zote hizo hakungoja kuletewa habari. Usiku, watu wakilala, yeye hushika njia akapita mitaa ya Madina akisikiliza.

Usiku mmoja alitoka na mtumishi wake Aslam mpaka nje ya mji, upande wa Harra. Kwa mbali wakaona moto. Moyo ukamwambia pale pana watu waliozuiliwa na usiku na baridi. Wakaenda. Wakamkuta mama na watoto wanalia, na chungu kiko motoni. Umar akawasalimu kwa kuwaita watu wa mwangaza, akachelea kuwaita watu wa moto. Akaomba ruhusa kusogea. Akauliza watoto wanalilia nini. Akaambiwa njaa. Na chunguni? Maji matupu, ya kuwatuliza mpaka walale. Yule mama, asijue anazungumza na nani, akamshitaki Umar kwa Mwenyezi Mungu, ati vipi awe mtawala wao na asijue hali zao.

Hakujitetea. Alirudi mjini mbio, akafungua ghala, akatoa gunia la unga na mafuta. Aslam akataka kumbebea. Umar akakataa, kwani siku ya Kiyama Aslam hatambebea mzigo wake. Akalitia mgongoni mwenyewe. Akapika mwenyewe, akipuliza moto na moshi ukipita kwenye ndevu zake. Watoto wakala wakashiba. Nawe ungedhani kazi imekwisha, lakini yeye alikaa kando anawatazama mpaka wakaanza kucheka na kulala. Aliwakuta wakilia, na hakutaka kuondoka kabla hajawaona wakicheka.

Usiku mwengine msafara wa wafanyabiashara ulifika Madina. Umar akamwambia Abdurrahman bin Auf (r.a.) wakaulinde. Katika kulinda na kuswali, akasikia mtoto mchanga analia. Akamwendea mamake, akamwambia amhurumie mwanawe. Akarudi mahali pake. Kilio kikaanza tena, akaenda tena. Mwisho wa usiku akasikia mara ya tatu. Safari hii akamkemea yule mama, mbona mtoto hatulii usiku kucha. Mama naye kachoka, akamjibu kuwa anamsumbua bure. Anamwachisha ziwa mtoto kwa nguvu, naye hataki, kwa kuwa Umar hatoi posho ya Baitul Mali ila kwa mtoto aliyeacha kunyonya. Na mtoto mwenyewe ana miezi michache tu.

Simama hapo, ndugu yangu. Usiku kucha moyo ulimvuta kwenye kile kilio, akidhani kosa ni la mama. Kumbe kilio kile kimetokana na amri yake yeye.

Akamwambia mama asifanye haraka. Kisha akaenda kuswalisha Alfajiri, na watu hawakuweza kufahamu kisomo chake kwa kulia. Aliogopa ni watoto wangapi wa Waislamu wamedhurika kwa ajili yake. Baada ya swala akaamuru ipigwe mbiu mjini: watu wasiwaharakishe watoto kuacha ziwa, posho itatolewa kwa kila mtoto tangu anapozaliwa. Na akaandika barua hiyo kwa miji yote.

Kilio cha mtoto mmoja, sheria ikabadilika nchi nzima.

Mwaka wa 23 Hijria (644), siku chache kabla ya kufa kwake, alikuwa bado akiwauliza wasimamizi wake wa Iraq kama hawakuwatoza watu kuliko wanavyoweza, na akitamani akijaaliwa uhai awaache wajane wa huko wasimhitaji mtu baada yake. Kisha akachomwa kisu akiswalisha Alfajiri, akafariki. Amezikwa pembeni mwa Mtume (s.a.w.) na Abubakar.

Sasa turudi kwetu. Usije ukachanganya mambo. Dini imetukataza dhana mbaya na kupeleleza aibu za watu. Machale ninayoyasema mimi hayatafuti kosa la mtu, yanatafuta haja yake. Ukitaka kuyajua, tazama unachokwenda nacho mkononi: je, umebeba gunia, au umebeba maneno?

Na jambo la pili ndilo zito. Kwenda kumtazama mtu kuna hatari yake, manake huenda ukakuta sababu ya kilio ni wewe. Dada hazungumzi wakati wa futari kwa neno ulilomwambia wewe. Fundi hana pesa za daku kwa kuwa deni lake liko mfukoni mwako. Kijana hatokei tena msikitini tangu ulipomkemea mbele ya watu. Wengi wetu tunauvuta ule uso kwenye shuka kwa kuogopa hilo hasa. Sayyidna Umar, kwa ukubwa wake wote, hakuogopa kukuta kwamba mwenye makosa ni yeye, na alipokuta, alirekebisha asubuhi ile ile.

Basi usiku wa leo, tarawehe ikisha, kama kuna jina linakujia moyoni, usilale nalo. Piga simu. Bisha hodi. Ukikuta mambo ni salama, umepata thawabu za kumzuru ndugu yako. Ukikuta chungu kina maji matupu, unajua la kufanya.

Mwenyezi Mungu atujaalie mioyo inayosikia, na miguu inayoinuka. Amin.