Alonzo Herndon: Kinyozi aliyezaliwa mtumwa akajenga kampuni ya bima

Vijijini kwetu mtu akifiwa, daftari la chama cha kufa na kuzikana hufunguliwa siku hiyo hiyo. Kila kaya imechanga, na marehemu anazikwa kwa heshima. Shida huanza pale mfuko unapokuwa mtupu: misiba mitatu imefuatana mwezi mmoja, au mweka hazina haonekani tena. Zaidi ya miaka 100 iliyopita, watu weusi wa kusini mwa Marekani walikuwa na vyama vya namna hiyo, na shida zao zilikuwa hizo hizo. Leo tunamwangalia mtu aliyekichukua kimojawapo kikiwa kinakaribia kufa, akakigeuza kuwa kampuni kubwa ya bima ya maisha.

Alonzo Herndon alizaliwa tarehe 26 Juni 1858 katika kaunti ya Walton, jimbo la Georgia. Mama yake, Sophenie, alikuwa mtumwa. Baba yake, Frank Herndon, alikuwa mzungu, na ndiye aliyekuwa akimmiliki mama pamoja na mtoto. Utumwa ulipokomeshwa mwaka 1865 Alonzo alikuwa na miaka 7, na familia ilitoka mikono mitupu. Mama alifanya vibarua, mara nyingi akilipwa chakula badala ya fedha. Mtoto naye alifanya kazi za shamba na kuchuuza karanga. Shuleni alikaa kama mwaka mmoja tu, ukijumlisha miezi yote.

Mwaka 1878, akiwa na miaka 20, aliondoka kwao kwa miguu na akiba ya dola 11. Njiani alijifunza unyozi, na mwaka 1883 alifika Atlanta na kuajiriwa katika kinyozi cha mtu mweusi mwenzake. Baada ya miezi sita alikuwa tayari amenunua nusu ya biashara ile. Miaka ilivyopita alikuwa na maduka matatu ya kunyolea, na lililojulikana zaidi lilikuwa kwenye mtaa wa Peachtree, lenye marumaru, taa za vioo na milango mikubwa ya mbao za thamani.

Hapa pana jambo ambalo hatuwezi kuliruka. Vinyozi wote wa Herndon walikuwa weusi, na wateja wote walikuwa wazungu. Ndivyo ubaguzi wa wakati ule ulivyotaka, naye aliufuata. Mtu wa rangi yake mwenyewe hakuweza kuketi kwenye kiti kile akanyolewa. Wapo wanaomlaumu kwa hilo, na lawama hiyo si ya bure. Lakini ukifuata fedha za viti vile unafika mahali pengine kabisa.

Mwaka 1905 serikali ya Georgia ilitunga sheria iliyozitaka jumuiya za bima ziweke dhamana ya dola 5,000. Kwa vyama vidogo vya makanisani hicho kilikuwa kiasi kisichofikirika. Kimoja kati ya hivyo, kilichoanzishwa Atlanta na wachungaji wawili, kilikuwa hatarini kufungwa. Herndon alikinunua kwa dola 140, kisha akatoa dhamana iliyotakiwa.

Bima yenyewe ilikuwa rahisi kuielewa. Wakala alipita nyumba kwa nyumba kila wiki akikusanya senti chache. Mwenye bima akiugua, alipata fedha za kujikimu. Akifa, familia ilipata za mazishi. Kampuni nyingi za wazungu ziliwakataa watu weusi, au ziliwauzia bima iliyolipa kidogo kuliko ya mzungu aliyechanga kiasi kile kile. Kwa hiyo kampuni ya watu wao wenyewe ilipofilisika, mfuaji nguo aliyechanga miaka kumi hakuwa na pa kwenda.

Herndon alizichukua kampuni kadhaa za watu weusi zilizokuwa zinaanguka, pamoja na ahadi zilizokuwa zimewapa wateja wao, ili michango ya watu isipotee. Kwetu sisi hilo linazidi michango yake mingine yote, ingawa halikuitwa sadaka.

Mwaka huo huo wa 1905 alisafiri hadi mpakani mwa Kanada pamoja na mwanawe mdogo, Norris, kuhudhuria mkutano ulioanzisha Vuguvugu la Niagara, lililodai haki sawa kwa watu weusi. Kiongozi wake, W.E.B. Du Bois, alikuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Atlanta, alikofundisha pia mke wa Herndon, Adrienne.

Septemba 1906, baada ya magazeti ya Atlanta kuchapisha tuhuma za wanaume weusi kuwashambulia wanawake wa kizungu, makundi ya wazungu yalivamia mitaa na kuua watu weusi wasiopungua 25. Herndon alikuwa amefunga mapema siku ile. Duka lake la Peachtree lilivunjwa vioo, na ng'ambo ya barabara vinyozi waliuawa. Alilitengeneza, akaendelea kuwanyoa wazungu wa mji ule ule. Alijisikiaje asubuhi ya kwanza aliposhika tena wembe, tunabaki kukisia tu.

Fedha zake zilikwenda kwenye vituo vya yatima, kanisa lake, chama cha vijana cha YMCA na chuo kikuu. Kampuni nayo iliwapa kazi za ofisini vijana weusi waliosoma, ambao milango mingine ilikuwa imefungwa kwao. Mwaka 1922 mtaji wake ulifikia dola 100,000, ikaruhusiwa kuuza bima za maisha za kila aina, na ikaitwa Atlanta Life.

Herndon alifariki tarehe 21 Julai 1927 akiwa na miaka 69. Norris aliiongoza kampuni kwa miongo mingi, akatoa fedha kimya kimya kwa harakati za haki za raia, na akaanzisha mfuko wa hisani wa familia.

Nyumba yao, iliyojengwa na mafundi weusi, leo ni makumbusho. Adrienne ndiye aliyeichora ramani, lakini alifariki mwaka 1910, mwaka ule ule ilipokamilika. Sebuleni, juu karibu na dari, kuna michoro inayozunguka kuta ikisimulia maisha ya mumewe, kuanzia utumwani.