Abebe Bikila: Bingwa wa marathoni aliyeshinda kwanza moyoni

WANARIADHA wengi huiandaa miguu na mapafu yao, lakini wakasahau kuuandaa moyo. Abebe Bikila, askari wa Ethiopia aliyekuwa Mwafrika mweusi wa kwanza kutwaa dhahabu ya Olimpiki, alivitayarisha vyote kwa pamoja.

Abebe alizaliwa Agosti 7, 1932 katika kijiji cha Jato na kukulia miongoni mwa wafugaji. Baadaye alijiunga na kikosi cha walinzi wa Mfalme Haile Selassie. Huko ndiko kipaji chake kilikopaliliwa na Onni Niskanen, mkufunzi kutoka Uswidi aliyemfunza kupima kasi, kutunza nguvu na kukimbia kwa mpango.

Jioni ya Septemba 10, 1960, jijini Rome, Abebe alijitokeza bila viatu. Si kwamba alitafuta sifa. Viatu alivyopata havikumkaa vyema, naye alikuwa amezoea kufanya mazoezi miguu mitupu. Kilichowashangaza watazamaji kwake kilikuwa jambo la kawaida.

Mpinzani aliyeonywa kuhusu makali yake alikuwa Rhadi Ben Abdesselam wa Morocco, ambaye ilitarajiwa angevaa nambari 26. Rhadi alivaa nambari 185. Kwa kilomita nyingi Abebe alikimbia bega kwa bega naye huku macho yakiitafuta nambari 26 mbele, asijue kwamba aliyemhofia alikuwa ubavuni mwake. Hata hivyo, hakubabaika wala kuuacha mpango wake. Karibu na mnara wa Axum, ambao majeshi ya Italia yaliupora Ethiopia na ambao ulirejeshwa mwaka 2005, alichomoka na kumwacha Rhadi kwa sekunde 25. Alimaliza kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 16, muda bora zaidi duniani wakati huo.

Ushindi haukumfanya asishindike. Mwaka 1963 alimaliza wa tano katika mbio za Boston. Mwaka uliofuata, takriban siku 40 kabla ya marathoni ya Olimpiki ya Tokyo, alifanyiwa upasuaji wa kidole tumbo. Wengi walimwondoa katika hesabu zao. Oktoba 21, 1964, safari hii akiwa amevaa viatu, alishinda kwa saa 2, dakika 12 na sekunde 11, zaidi ya dakika nne mbele ya Basil Heatley wa Uingereza. Kisha akajinyosha viungo uwanjani kana kwamba ndio kwanza anajiandaa kukimbia. Alikuwa mtu wa kwanza kuitetea dhahabu ya marathoni.

Ukakamavu, hata hivyo, si kuulazimisha mwili kutenda usiloliweza. Mwaka 1968 nchini Mexico, jeraha la mguu lilimlazimu kuacha mbio baada ya takriban kilomita 17. Mwenzake Mamo Wolde ndiye aliyeshinda, na dhahabu ikabaki Ethiopia.

Mtihani mkubwa zaidi ulikuja Machi 1969 alipopata ajali ya gari iliyompooza. Alitibiwa katika hospitali ya Stoke Mandeville, Uingereza, lakini miguu iliyokuwa imeushangaza ulimwengu haikutembea tena. Abebe hakujifungia ndani kuomboleza. Akiwa kwenye kiti cha magurudumu alijifunza kulenga shabaha kwa upinde na mshale, akashiriki michezo ya walemavu, na mwaka 1971 nchini Norway akashinda mbio za kigari cha thelujini kinachovutwa na mbwa.

Alifariki Oktoba 25, 1973 kutokana na kuvuja damu ubongoni, akiwa na umri wa miaka 41. Maelfu, akiwemo Mfalme Haile Selassie, walimsindikiza hadi kaburini jijini Addis Ababa.

Ni wanaume wawili tu waliomfikia kwa kushinda marathoni ya Olimpiki mara mbili mfululizo: Waldemar Cierpinski wa Ujerumani Mashariki, na Mkenya Eliud Kipchoge mwaka 2016 na 2021. Kwa chipukizi anayekata tamaa baada ya jeraha au kushindwa mara moja, maisha ya Abebe yana funzo: kujiamini hakuzuki siku ya mashindano. Hujengwa mazoezini, hatua kwa hatua, na thamani yake halisi huonekana pale mwili unapokataa.