Frederick Douglass: Mtumwa aliyenunua herufi kwa mkate

Frederick Bailey alizaliwa Februari 1818 katika kaunti ya Talbot, jimbo la Maryland, Marekani. Hakuwahi kuijua siku yenyewe, kwani mtumwa hakuwekewa kumbukumbu ya aina hiyo. Alilelewa na nyanyake, Betsy. Mamake, Harriet, alifanya kazi katika shamba la mbali, akawa akija usiku kwa miguu kumwona na kuondoka kabla ya mapambazuko. Alifariki mwanawe akiwa na umri wa miaka 7 hivi.

Mnamo 1826, Frederick alipelekwa mjini Baltimore kwa Hugh na Sophia Auld. Sophia, ambaye hakuwa amewahi kumiliki mtumwa, alikuwa na mazoea ya kusoma Biblia kwa sauti. Mtoto akaomba afunzwe. Alikwisha kuzijua herufi na maneno mafupi pale Hugh alipogundua, akapiga marufuku somo hilo papo hapo. Alimweleza mkewe kwamba mtumwa ajuaye kusoma hafai tena kuwa mtumwa. Frederick alikuwapo akisikiliza, na pengine hakuna somo lililomfaa kuliko katazo hilo. Kitu kinachoogopwa kiasi hicho na bwana, alitambua, ndicho anachopaswa kukitafuta.

Tangu hapo Sophia naye akageuka, akawa anampokonya hata gazeti. Nyumbani kwa Auld, hata hivyo, mkate ulikuwa tele, ilhali watoto wa Wazungu maskini mtaani walishinda na njaa. Frederick aliutia mkate mfukoni pamoja na kitabu cha tahajia, akawalipa vijana hao kila walipomfunza neno. Kuandika alijifunza kwenye uwanja wa kuundia meli, ambako maseremala walitia herufi kwenye mbao kuonyesha ubao upi ni wa kushoto au kulia, wa omo au tezi.

Alipokaribia miaka 13, alitoa senti 50 alizopata kwa kung'arisha viatu, akanunua The Columbian Orator, mkusanyiko wa hotuba. Humo mlikuwa na majibizano baina ya bwana na mtumwa wake, na mtumwa anashinda kwa hoja hadi anaachwa huru. Frederick aliyarudia mara nyingi. Furaha haikuwa tupu, lakini. Kadiri alivyosoma ndivyo utumwa ulivyomchoma, hata akawaonea wivu wenzake wasiojua herufi.

Aliporudishwa mashambani alifungua madarasa ya Jumapili. La kwanza lilivunjwa na Wazungu wenye marungu. Jingine, la siri, lilifikisha wanafunzi zaidi ya 40.

Alitoroka Septemba 3, 1838. Jina Douglass alipewa huko New Bedford na mwenyeji wake, Nathan Johnson, aliyekuwa akisoma utenzi wa Walter Scott. Kitabu chake cha kwanza kilitoka 1845, na gazeti lake, The North Star, Desemba 1847. Majuzuu ya magazeti yake yaliteketea nyumba yake ya Rochester ilipochomeka 1872. Alianza upya, na alipofariki Februari 20, 1895, aliacha maktaba kubwa nyumbani kwake Washington.

Kuna jambo alilolijua Harriet akiwa keshazikwa: mamake huyo alijua kusoma, peke yake miongoni mwa watumwa wa Tuckahoe. Watu walipodhani akili yake ilitokana na damu ya baba Mzungu, Douglass alimtaja mamake. Nani alimfunza Harriet, hakuwahi kujua.