Robert Bosch na Mwanya wa Plagi: Maisha ya Fundi kwa Somo la Sayansi

Mwalimu anayejiandaa kufundisha sayansi katika madarasa ya juu ya shule ya msingi hukuta mada ya injini imeandikwa kama orodha ya vipande: silinda, pistoni, vali, plagi. Wanafunzi huyakariri majina hayo, huyaandika katika mtihani, kisha huyasahau. Sisi twaona kwamba kipande cha mashine hueleweka vizuri zaidi mwanafunzi anapojua ni shida gani iliyokizaa, na ni nani aliyehangaika nayo. Kwa sababu hiyo tumechagua kusimulia maisha ya Robert Bosch, fundi wa Kijerumani ambaye karakana yake ilifanya plagi iwe kitu cha kutegemewa katika magari. Tumemchagua pia kwa sababu nyingine inayotuhusu moja kwa moja sisi walimu: mtu huyu alifundishwa vibaya alipokuwa kijana, na jambo hilo hakulisahau.

Robert Bosch alizaliwa tarehe 23 Septemba 1861 katika kijiji cha Albeck, karibu na mji wa Ulm, kusini mwa Ujerumani. Alikuwa mtoto wa kumi na moja kati ya kumi na wawili. Wazazi wake walikuwa wakulima wenye nyumba ya wageni, na baba yake alikuwa msomaji wa vitabu aliyethamini elimu ya watoto wake. Kijana alisoma shule ya sekondari huko Ulm mpaka mwaka 1876, kisha akawekwa kuwa mwanagenzi wa fundi wa vyombo vidogo vya usahihi.

Uanagenzi huo ulidumu miaka mitatu, nao haukumridhisha hata kidogo. Bwana wake hakujishughulisha sana kumfundisha. Mwanagenzi aliachwa aokote ujuzi mwenyewe kadiri alivyoweza. Kazi aliiona, lakini hakuelezwa kwa nini inafanywa vile. Mwalimu mwanafunzi na atue hapa kidogo. Katika madarasa yetu wamo watoto wanaokaa miaka mitatu mbele ya mwalimu, wakanakili yaliyoandikwa ubaoni, wasielezwe sababu ya jambo lolote. Bosch alikuwa na bahati ya kuwa na udadisi na nyumba iliyomtegemeza. Wengi hawana vyote viwili, na kwao miaka iliyopotea haifidiwi.

Baada ya uanagenzi alifanya kazi katika viwanda mbalimbali vya Ujerumani. Mwaka 1883 alijiunga kwa muda mfupi na chuo cha ufundi cha Stuttgart. Hakukaa huko muda wa kutosha kuwa mhandisi, wala hakupata shahada. Faida aliyoipata, kwa maelezo yake mwenyewe ya baadaye, ilikuwa kuondokewa na hofu ya istilahi za kitaalamu. Maneno ya umeme aliyokuwa akiyasikia karakanani sasa yalikuwa na maana kwake. Jambo hili ni dogo kulitaja lakini ni kubwa darasani. Mara nyingi mtoto hashindwi na sayansi yenyewe, bali hushindwa na neno asilolielewa, akaona haya kuuliza.

Mwaka 1884 alivuka bahari kwenda Marekani, akafanya kazi New York katika kampuni za Thomas Edison. Mwaka uliofuata alikwenda Uingereza, akafanya kazi kwa Siemens jijini London. Aliporudi kwao alikuwa ameona viwanda vya nchi tatu. Tarehe 15 Novemba 1886 alifungua karakana yake mwenyewe mjini Stuttgart, akiwa na fundi mmoja na kijana wa kutumwa. Walitengeneza chochote walicholetewa, zikiwamo simu na kengele za umeme. Miaka ya kwanza ilikuwa ya dhiki. Alikopa fedha, familia yake ikamsaidia, na mwanzoni mwa miaka ya 1890 kazi ilipopungua alilazimika kuwaachisha karibu wafanyakazi wake wote.

Mwaka 1887 mteja mmoja alimwomba amtengenezee chombo cha kuwashia injini ya gesi, kwa mfano wa kile kilichokuwa kikitumiwa na kiwanda cha Deutz. Ili tulielewe ombi hilo, hatuna budi kueleza shida yenyewe. Ndani ya silinda mchanganyiko wa hewa na mafuta hugandamizwa na pistoni. Mchanganyiko huo lazima uwashwe kwa wakati wake hasa. Ukiwashwa mapema mno, mlipuko huisukuma pistoni kabla haijafika juu. Ukichelewa, nguvu nyingi hupotea. Wavumbuzi walijaribu njia nyingi. Gottlieb Daimler alitumia bomba dogo lililopashwa moto kwa mwali uliowaka nje ya silinda, njia iliyokuwa na hatari ya kuunguza gari. Mfaransa Étienne Lenoir alikuwa ametumia cheche ya umeme katika injini yake ya gesi tangu mwaka 1860. Wazo la cheche, basi, lilikuwapo kabla ya Bosch. Kilichokosekana ni cheche isiyoshindwa, inayokuja kila mara inapohitajika.

Chombo alichokitengeneza Bosch kiliitwa magneto. Ndani yake waya uliosokotwa hutembea kati ya ncha za sumaku, na mwendo huo huzalisha umeme bila betri. Katika magneto ya kwanza umeme ulikuwa wa nguvu ndogo. Cheche ilipatikana kwa kutenganisha vipande viwili vya chuma vilivyogusana ndani ya silinda yenyewe. Vipande hivyo vilivutwa na vijiti kutoka nje, navyo vilichakaa, vilishika masizi, na vilihitaji kurekebishwa kwa mkono kwa kila injini. Kwa injini nzito iliyosimama mahali pamoja, ikizunguka polepole, mpango huo ulitosha. Kwa gari haukutosha.

Mwaka 1897 Frederick Simms, mfanyabiashara aliyeishi Uingereza, aliitaka karakana ya Bosch ifunge magneto katika baiskeli ya magurudumu matatu iliyoendeshwa kwa injini ya De Dion-Bouton. Injini hiyo iliweza kuzunguka mara 1,800 kwa dakika. Hapa mwalimu amepata hesabu nzuri ya darasani. Injini ya mipigo minne huhitaji cheche moja kwa kila mizunguko miwili. Kwa hiyo zilihitajika cheche 900 kwa dakika, yaani 15 kwa kila sekunde. Magneto ya zamani, yenye waya mzito uliochezeshwa huku na huku, isingeweza kwenda kasi hiyo. Msimamizi wa karakana, Arnold Zähringer, alipata njia: aliacha waya utulie, akachezesha ala nyepesi ya chuma iliyouzunguka. Chombo kikafanya kazi. Tunamtaja Zähringer kwa makusudi, kwa kuwa vitabu vingi humpa mwenye karakana sifa zote.

Hata hivyo vile vipande vya kugusana vilibaki ndani ya silinda, na magari yalizidi kwenda kasi. Bosch alimpa kazi hiyo Gottlob Honold, mhandisi ambaye zamani alikuwa mwanagenzi katika karakana hiyohiyo, akaenda kusoma, kisha akarudi mwaka 1901. Honold alibuni magneto iliyotoa umeme wa maelfu ya volti. Umeme wa nguvu hiyo hauhitaji vipande vya kugusana. Wenyewe huruka mwanya mdogo wa hewa na kutoa cheche. Palihitajika tu kifaa cha kuufikisha ndani ya silinda bila kuvuja, nacho ni plagi. Hataza ilitolewa mwezi Januari 1902, na mwezi Septemba mwaka huohuo chombo cha kwanza kikapelekwa kwa kampuni ya Daimler.

Plagi ina sehemu tatu ambazo mtoto anaweza kuzishika na kuzitaja. Katikati pana ncha ya chuma inayoleta umeme. Kuizunguka pana kihami, ambacho siku hizi ni cha kauri, kinachozuia umeme usipite kando. Nje pana ganda la chuma lenye skrubu, na kwenye ganda hilo imeshikamana ncha ya pili iliyopinda. Kati ya ncha mbili hizo upo mwanya ambao kwa kawaida hauzidi sana milimeta moja. Kazi yote ya plagi iko katika mwanya huo. Ukiwa mdogo mno, cheche huwa fupi na dhaifu, nayo haiwashi mafuta vizuri. Ukiwa mkubwa mno, umeme hushindwa kuuruka, na injini hukosa mpigo au hukataa kuwaka. Ncha huliwa na moto kidogo kidogo, kwa hiyo mwanya hupanuka jinsi plagi inavyotumika. Ndiyo maana fundi huipima kwa vibamba vyembamba vya chuma, akaipinda ncha ya nje mpaka kibamba kipite kwa kukwaruza kidogo. Wavumbuzi kadhaa walibuni plagi za kurekebishwa kwa skrubu, lakini njia rahisi ya kupinda ncha ndiyo iliyoenea. Plagi za siku hizi zenye ncha nyembamba za madini adimu hazipaswi kupindwa ovyo, kwa kuwa ncha hizo huvunjika.

Magneto na plagi zilimtajirisha Bosch. Utajiri huo aliutumiaje? Mwaka 1906 alianzisha siku ya kazi ya saa nane katika kiwanda chake, wakati saa kumi au zaidi zilikuwa jambo la kawaida. Mwaka 1910 alikipa chuo cha ufundi cha Stuttgart mark milioni moja, chuo kilekile alichokaa kwa muda mfupi. Mwaka 1913, mwaka ambao pia alipambana na mgomo mkali wa wafanyakazi, alianzisha idara maalumu ya kufundishia wanagenzi. Humo kijana hakuachwa tena aokote ujuzi; alikuwa na mwalimu ambaye kazi yake ilikuwa kumfundisha. Sisi twaiona idara hiyo kuwa jibu lake kwa ile miaka mitatu ya Ulm.

Maisha yake hayakuwa meupe yote, na mwalimu asiyafanye meupe. Vita vya kwanza vya dunia vilikipa kiwanda chake biashara kubwa ya kijeshi. Mwanawe wa kiume alifariki mwaka 1921 baada ya ugonjwa wa muda mrefu, na ndoa yake ya kwanza ilivunjika. Baada ya mwaka 1933, chini ya utawala wa Hitler, Bosch na wasaidizi wake waliwasaidia Wayahudi walioteswa, na waliwaunga mkono kwa siri wapinzani wa utawala huo, akiwamo Carl Goerdeler. Wakati huohuo viwanda vyake vilitengeneza vifaa vya vita, na wakati wa vita vya pili vilitumia watu walioshurutishwa kufanya kazi. Mambo hayo mawili yalikuwa chini ya paa moja. Kwa watoto wa darasa la saba swali hilo si zito mno: je, mtu aweza kutenda wema kwa mkono mmoja huku kazi yake ikilisha uovu? Waachwe walijadili, na mwalimu asikimbilie kuwapa hukumu.

Robert Bosch alifariki mjini Stuttgart tarehe 12 Machi 1942. Katika wosia wake alitaka faida ya kampuni isaidie mambo ya manufaa kwa jamii, na tangu mwaka 1964 sehemu kubwa ya hisa imekuwa mikononi mwa taasisi ya hisani yenye jina lake.

Sasa tupendekeze namna ya kulitumia simulizi hili kwa vipindi viwili. Katika kipindi cha kwanza mwalimu asimulie habari ya cheche, akianza na shida ya kuwasha mafuta, asianze na jina la plagi. Awaulize wanafunzi wangefanyaje wao, kabla ya kuwaambia Daimler na Honold walifanyaje. Katika kipindi cha pili alete plagi kuukuu kutoka kwa fundi pikipiki, moja kwa kila kundi ikiwezekana, zikiwa zimefutwa masizi. Kwa kuwa vibamba vya kupimia si rahisi kupatikana, karatasi zitatosha. Wanafunzi wapange karatasi 100 zilizobanwa vizuri, wapime unene wa rundo kwa rula, kisha wagawanye ili wapate unene wa karatasi moja. Halafu waingize karatasi moja moja katika mwanya mpaka ujae, wahesabu, wazidishe. Watakuwa wamepima sehemu ya milimeta kwa rula ya shuleni.

Tahadhari ni moja: plagi isijaribiwe ikiwa imefungwa kwenye injini au kwenye waya wake, maana umeme wake huumiza. Na neno jipya lolote, iwe kihami au magneto, liandikwe ubaoni baada ya watoto kukiona au kuelezwa kitu chenyewe, si kabla.