Maisha ya Mary Leakey, Mtoto Aliyehesabiwa Hafundishiki

Barabara itokayo Karatu hupita lango la Lodoare, hupanda msituni hadi ukingo wa kreta ya Ngorongoro, kisha huteremka kwenye nyika kavu zielekeazo Serengeti. Huko chini liko korongo la Oldupai, ambalo wageni walilikosea jina wakaliita Olduvai. Jina lenyewe ni la Kimaasai, na maana yake ni ule mkonge pori uotao pale kwa wingi. Mwanachuo atakayepangiwa kufundisha Karatu au Ngorongoro huenda siku moja akawapeleka wanafunzi wake kwenye makumbusho yaliyopo huko. Atawaeleza habari za mafuvu na zana za mawe. Twaona inafaa awe pia na habari za mwanamke aliyeyatafuta mafuvu hayo, maana shule zilikwisha kumhukumu mapema kwamba si mtu wa elimu.

Mary Nicol alizaliwa London tarehe 6 Februari, 1913. Baba yake alikuwa mchoraji wa picha, na familia ilihamahama pamoja naye, hasa nchini Ufaransa. Akiwa na umri wa miaka kama kumi na miwili, Mary alifika Les Eyzies, mahali penye mapango ya watu wa kale. Mtaalamu aliyekuwa akichimba hapo alimruhusu kupekua lundo la udongo uliotupwa. Binti akaokota vipande vya mawe yaliyochongwa, akavichambua na kuvipanga kwa namna aliyoibuni mwenyewe. Hakuna aliyemwamuru, wala hapakuwa na mtihani mbele yake.

Baba alifariki mwaka 1926. Mama akarejea Uingereza, akamtia Mary katika shule ya watawa. Alifukuzwa kwa kukataa kukariri mashairi mbele ya wenzake. Akapelekwa shule nyingine. Huko akasababisha mlipuko katika chumba cha kemia, akafukuzwa tena. Hatusemi walimu wale walikuwa waovu, kwani mtoto anayelipua chumba cha kemia anastahili adhabu. Lakini kosa lao, kwa maoni yetu, ni kutouliza imekuwaje mtoto asiyetulia na shairi dakika kumi aweze kuinamia lundo la mawe kwa saa nyingi. Hakupata kufaulu mtihani wowote wa shule. Mama yake alipouliza habari za kumpeleka Chuo Kikuu cha Oxford, alijibiwa kwamba hakuna haja hata ya kuomba.

Hapa ndipo watoto wengi huanguka. Hukumu ya mwalimu huingia moyoni, ikawa hukumu ya mtoto juu ya nafsi yake, na baada ya hapo hahitaji tena mtu wa kumwambia hawezi, hujiambia mwenyewe. Darasani tunamjua mtoto huyo: hanyoshi mkono, na kalamu yake husimama kabla hajajaribu. Baadhi yetu hudhani dawa yake ni maneno ya kumtia moyo. Maneno si mabaya, ila mtoto aliyeshindwa mara nyingi hayaamini. Mary alihudhuria mihadhara ya elimukale London pasipo kuwa mwanafunzi wa kutunukiwa shahada, akaandika barua kwa wachimbaji kuomba kazi. Wako waliomkataa. Mwaka 1930 Dorothy Liddell alimpokea Hembury, kusini magharibi mwa Uingereza, akampa kazi ya kuchora zana za mawe. Mtoto aliyeshindwa kwa ulimi alipewa nafasi ya kusema kwa mkono. Michoro ile ilionwa na Gertrude Caton-Thompson, aliyekuwa amechimba Fayum nchini Misri, naye akamtaka achore picha za kitabu chake. Kwa njia hiyo Mary akajuana na Louis Leakey, mwana wa wamisionari aliyezaliwa Kabete, Kenya. Mwaka 1935 aliona Oldupai kwa mara ya kwanza. Mwaka uliofuata wakaoana.

Tarehe 17 Julai, 1959, Louis alikuwa kambini na homa. Mary alitoka na mbwa wake, akaona kipande cha mfupa kimechomoza ardhini, kisha meno. Lilikuwa fuvu la zamadamu waliyempa jina Zinjanthropus, kutokana na Zinj, jina la kale la pwani yetu. Baadaye wataalamu walipima umri wa tabaka lile la udongo, wakapata miaka ipatayo 1,750,000. Fuvu hilo lilimpa sifa, lakini sisi twaistahi zaidi kazi ya miaka iliyofuata: kuandika mahali pa kila jiwe na kila mfupa, kuchora, kupima na kulinganisha, mpaka kitabu chake kikubwa kilipotoka mwaka 1971. Ni kazi ileile ya Les Eyzies, ila sasa ilikuwa imekomaa.

Isidhaniwe kwamba alishinda kila woga. Kusimama mbele ya hadhara kulimtaabisha, na kwa miaka mingi mumewe ndiye aliyehutubu na kutafuta fedha. Louis alipofariki mwaka 1972 ilimbidi afanye mwenyewe. Aliifanya kazi hiyo, ingawa hakuipenda.

Kisha ikaja Laetoli, kusini mwa Oldupai. Mwaka 1978 alama iliyofanana na wayo wa mtu ilionekana katika majivu ya volkano yaliyogeuka mwamba. Mtaalamu mmoja alisema si ya mtu, na nusura kazi iachwe. Ndibo Mbuika, mmoja wa mafundi wa kambi, aliendelea kuchimba akafunua nyayo nyingine. Ziligunduliwa kuwa za viumbe waliotembea kwa miguu miwili miaka milioni 3.6 iliyopita.

Mwaka 1981 Oxford ilimtunuku Mary Leakey shahada ya heshima. Alifariki Nairobi tarehe 9 Desemba, 1996, akiwa na umri wa miaka 83. Nyayo za Laetoli zilifukiwa ili zihifadhiwe. Wanafunzi watakaotoka Karatu wataona nakala yake katika makumbusho ya Oldupai.