Didi: Kiungo wa Brazil aliyegeuka mpinzani wa nchi yake

SWEDEN ilipotangulia kufunga dakika ya nne ya fainali ya Kombe la Dunia mjini Solna, Juni 29, 1958, Wabrazili waliliona tena jinamizi la 1950, walipopokonywa taji na Uruguay mbele ya umma wao uwanjani Maracana. Kiungo Didi aliutwaa mpira, akauweka kwapani na kutembea nao taratibu hadi katikati ya uwanja huku akiwatuliza wenzake. Pambano liliisha kwa mabao 5-2 na Brazil ikatawazwa bingwa kwa mara ya kwanza. Pele, chipukizi wa miaka 17, ndiye aliyevuma, lakini aliyetajwa mchezaji bora wa mashindano hayo alikuwa Didi.

Jina lake kamili lilikuwa Valdir Pereira. Alizaliwa Oktoba 8, 1928 mjini Campos, jimbo la Rio de Janeiro, katika familia maskini, na utotoni aliuza njugu kama zile wanazouziwa abiria kwenye kivuko cha Likoni. Alipokuwa na umri wa miaka 14, jeraha la goti lilioza kiasi cha madaktari kufikiria kumkata mguu. Akakaa kwenye kiti cha magurudumu kwa miezi kadhaa.

Mguu huo huo ndio uliofunga bao la kwanza kabisa katika uwanja wa Maracana, Juni 1950, ingawa timu yake ya Rio ililazwa 3-1 na ile ya Sao Paulo. Akiwa na klabu ya Fluminense, na baadaye Botafogo, alisifika kwa mikwaju ya adhabu iliyopaa juu ya ukuta wa mabeki kisha ikaanguka ghafla, kama jani kavu lidondokalo mtini. Wabrazili waliupa mkwaju huo jina hilo hilo la jani kavu. Vijana wanaoujaribu jioni katika viwanja vya mchanga vya Kisauni na Changamwe pengine hawajui umetoka wapi. Mwaka 1957 mkwaju wa aina hiyo uliizamisha Peru 1-0 na kuipeleka Brazil Sweden.

Real Madrid ilimsajili mwaka 1959, lakini hakudumu. Ndani ya kikosi kilichotawaliwa na Alfredo Di Stefano hapakuwa na nafasi ya wafalme wawili, na mwaka uliofuata alirejea Botafogo. Mwaka 1962 alitwaa Kombe la Dunia la pili nchini Chile.

Ukocha ulimpeleka Peru, taifa lile lile alilolitoa machozi. Baada ya kuipa Sporting Cristal ubingwa wa 1968, alikabidhiwa timu ya taifa, ambayo haikuwa imeonekana Kombe la Dunia tangu 1930. Agosti 31, 1969 vijana wake walitoka sare ya 2-2 na Argentina jijini Buenos Aires, na wenyeji wakabaki nje ya fainali za Mexico.

Mei 31, 1970, siku mashindano yalipofunguliwa, tetemeko la ardhi liliangamiza watu wapatao 70,000 nchini Peru. Siku mbili baadaye wachezaji waliingia uwanjani dhidi ya Bulgaria na roho zikiwa nyumbani. Walifungwa mawili. Wakajibu kwa matatu, la ushindi likipachikwa na Teofilo Cubillas, kijana wa miaka 21. Kwa kocha aliyewahi kuutembeza mpira taratibu mjini Solna, kupitwa kwa mabao halikuwa jambo la kutia hofu.

Robo fainali ilimkutanisha na Brazil, iliyonolewa na Mario Zagallo, mwenzake wa 1958 na 1962, huku Pele akiwa upande wa pili. Didi hakuwaamuru vijana wake walinde lango. Walishambulia, na walipotea 4-2 katika mojawapo ya mechi tamu zaidi za mashindano hayo. Wapo wanaoona angejihami. Lakini Peru ya kujihami isingefika hapo.

Baadaye alifundisha River Plate, Fenerbahce aliyoipa ubingwa wa Uturuki 1974 na 1975, na Al-Ahli ya Jeddah. Saratani ilimuua mjini Rio de Janeiro Mei 12, 2001, akiwa na umri wa miaka 72.