D. Boon: mupiga gitare wa bandari aliyeifanya barabara kuwa kazi

Tarehe 22 Desemba 1985, katika jangwa la Arizona kule Marekani, gari moja iliacha barabara kubwa namba 10. Nyuma ya gari alikuwa amelala kijana mumoja mwenye homa, bila mukaba. Alirushwa inje, akavunjika shingo, akafa palepale. Alikuwa na miaka 27. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Dennes Dale Boon, lakini wapenzi wa muziki walimujua kama D. Boon, mwimbaji na mupiga gitare wa bendi Minutemen.

Hakuwa tajiri. Hakuwa na nyumba kubwa wala magari ya kifahari. Lakini hadi leo wanamuziki wengi wanatamka jina lake kwa heshima. Ni juu alionyesha kwa vitendo kwamba mutoto wa mufanyakazi, asiye na feza wala mukubwa wa kumusukuma, anaweza kuzunguka inchi nzima na muziki wake na kurudi nyumbani bila deni. Muziki wenyewe uliitwa panki: roki ya haraka, ya kelele, iliyopigwa na vijana ambao hawakungoja ruhusa ya mutu.

Mutoto wa San Pedro

D. Boon alizaliwa tarehe 1 Aprili 1958. Alikulia San Pedro, mutaa wa bandari ya Los Angeles, jimbo la California. Pale watu wanaishi kwa kazi za mikono: wapakiaji wa meli, wavuvi, mafundi. Baba yake alikuwa baharia wa jeshi, kisha akawa mufanyakazi wa kufunga radio ndani ya magari. Familia iliishi katika nyumba za serikali, zilizokuwa kambi ya askari wakati wa vita kuu ya pili.

Akiwa na miaka kama 13, alikutana na rafiki atakayebadilisha maisha yake. Alikuwa amepanda muti katika bustani ya mutaa, akaruka chini juu ya kijana mumoja akifikiri ni rafiki yake wa mchezo. Kumbe ni mugeni, jina lake Mike Watt, mutoto wa baharia aliyehamia kutoka Virginia. Tangu siku ile hawakuachana.

Mama ya Boon, Margie, alikuwa na wasiwasi wa mama yeyote wa mutaa maskini: vijana wasipokuwa na kazi mikononi, barabara inawachukua. Basi akawaambia wapige muziki nyumbani. Mutoto wake apige gitare, Watt apige besi. Watt hakujua hata besi ni kitu gani. Alifikiri ni gitare ya kawaida yenye nyuzi ine, kwa hiyo alianza kwa gitare ya kawaida akiiacha na nyuzi ine tu. Mama Margie alifariki mbele ya kuona kitu alichokianzisha kimefika wapi.

Siku panki ilipofika

Miaka ile ya 1970, kwa vijana wa San Pedro muziki wa roki ulikuwa kitu cha watu wa mbali. Konseri zilifanyiwa katika viwanja vikubwa, mwanamuziki anaonekana mudogo kama sisimizi, na hakuna aliyefikiri kwamba mutu wa mutaa anaweza kusimama pale. Kupiga muziki kulikuwa kuiga nyimbo za wengine katika chumba cha kulala.

Panki ilivunja ukuta ule. Boon na Watt walienda Hollywood, wakaona vijana kama wao, wamoja hawajui hata kupiga vizuri, wakisimama mbele ya watu na nyimbo zao wenyewe. Mwaka 1978 wakaunda bendi The Reactionaries pamoja na George Hurley kwenye batri na Martin Tamburovich kwenye kuimba. Mwaka 1979, walipotoka kwenye konseri ya bendi ya Uingereza The Clash, walikutana inje na vijana wa Black Flag wakigawa makaratasi ya kutangaza konseri itakayofanyika San Pedro kwenyewe. Wale wakawapa nafasi ya kupiga.

Mukutano ule ulikuwa na maana kubwa. Kiongozi wa Black Flag, Greg Ginn, alikuwa amefungua nyumba ndogo ya kutoa disiki, SST, bila kungoja kampuni kubwa. Mwaka 1980 Boon, Watt na Hurley wakawa Minutemen. Wengi walifikiri jina hilo ni juu ya nyimbo zao fupi, maana wimbo mumoja ulikuwa unamalizika karibu na dakika moja. Lakini lilitoka kwa wanamugambo wa zamani wa uhuru wa Marekani, na tena lilikuwa la kucheka kundi moja la siasa kali lililojipa jina lile. Disiki yao ya kwanza, Paranoid Time, ilikuwa na nyimbo saba, na zote pamoja hazifikishe dakika saba.

Hesabu ya barabara

Hapa ndipo kazi ya D. Boon inaeleweka vizuri. Bendi kubwa za wakati ule zilikuwa zinasafiri na malori ya vyombo, mafundi wa sauti, mafundi wa taa, na kila mutu analala oteli. Kampuni ndiyo ililipa, kisha ikajirudishia feza yote kutoka kwa disiki. Mwanamuziki anaweza kujaza uwanja na kubaki na deni.

Minutemen walifanya hesabu kwa upande mwingine. Hawakujiuliza namna gani ya kupata feza nyingi. Walijiuliza namna gani ya kutumia kidogo. Watu watatu, gari moja, vyombo vyao wenyewe. Wanashusha bafle kwa mikono yao, wanafunga nyaya wenyewe, wanapiga, wanapakia tena, wanaendesha kwa zamu. Usiku wanalala chini katika nyumba ya mutu aliyekuja kuwasikiliza. Namna ile ya kuishi waliipa jina: econo, yaani kwa uchumi, bila kupoteza kitu.

Hata disiki walizitengeneza hivyohivyo. Walifanya mazoezi mpaka kila mumoja ajue sehemu yake, kisha wakaingia studio usiku, wakati bei iko chini. Walirekodi nyimbo kwa mufuatano wake, kusudi wasilipe saa za kukata na kupanga. Kwao disiki haikuwa mwisho wa kazi. Ilikuwa kama tangazo la kuwaita watu waje kwenye konseri.

Lakini bendi haiwezi kutembea kama hakuna pahali pa kufika. Katika miaka ile Black Flag na bendi zingine za namna yao zilifungua njia kote Marekani, muji kwa muji: baa ndogo, sale za mutaa, majumba ya wanafunzi. Vijana wa pale ndio waliotayarisha konseri. Radio ndogo za vyuo vikuu zilipiga nyimbo ambazo radio za biashara zilikataa. Magazeti ya kupiga fotokopi yalieneza habari. Kijana wa muji mudogo alifungua radio ya wanafunzi, akasikia, akaenda kuona, na kesho yake akaanzisha bendi yake. Bendi ile nayo ikapita njia ileile.

Boon mwenyewe alifanya kazi ya kuwapokea wengine. Pamoja na Watt na Tamburovich alifungua nyumba ndogo ya disiki, New Alliance, iliyotoa kazi za bendi za wenzao. Katika San Pedro alikodisha sale, akapanga konseri zianze mapema, kusudi mutu anayeamuka alfajiri kwenda kazini aweze kusikiliza na kulala kwa saa nzuri. Kwake, mufanyakazi hakupaswa kunyimwa muziki kwa sababu ya saa ya kazi.

Usawa ndani ya gitare

Siasa ya Boon haikuwa katika maneno ya nyimbo peke yake. Katika bendi nyingi gitare inameza vyombo vyote. Yeye aliiweka sauti ya gitare yake iwe nyembamba na kali, kusudi besi na batri vipate nafasi. Watu watatu, haki sawa. Jukwaani alikuwa mutu munene, lakini aliruka na kucheza mpaka jasho linamwagika, na aliyemwona alishangaa.

Aliimba kuhusu vita vya Amerika ya Kati, kuhusu ubaguzi, kuhusu kazi. Wimbo Corona ulitokana na safari ya Mexico, ambapo waliona mwanamuke maskini akiokota chupa tupu ili apate feza kidogo. Miaka kumi na tano kisha kifo chake, muziki wa wimbo ule ulijulikana na mamilioni ya watu kupitia televisheni, juu kipindi Jackass kiliutumia kwa kufungua. Wengi walioucheza hawakujua unamzungumzia nani.

Barabara inadai malipo yake

Hakuna sababu ya kuipaka barabara rangi nzuri tu. Kwa miaka mingi wale watatu walishika kazi za muchana. Hurley, kwa mufano, alikuwa fundi wa mashini. Safari ikianza, mushahara unasimama. Siku moja bila konseri ni siku ya kula na kununua mafuta bila kuingiza kitu. Gari ikiharibika, hakuna wa kuita. Mwili unachoka, usingizi unakosekana, na mutu mugonjwa anaendelea na safari.

Mwaka 1983 walienda Ulaya pamoja na Black Flag. Ilikuwa nafasi kubwa kwa vijana wa bandari, lakini pia ilikuwa mateso. Walibanana ndani ya gari moja, na wasikilizaji wa panki kule walikuwa na tabia ya kuwatemea mate wanamuziki na kuwatupia vitu. Walivumilia, wakapiga, wakasonga mbele.

Mwaka 1984 wakatoa disiki mbili katika mufuko mumoja, Double Nickels on the Dime, yenye nyimbo zaidi ya 40. Jina lile ni lugha ya mashofere wa malori: maili 55 kwa saa, karibu kilometa 88, mwendo ambao sheria ya Marekani iliruhusu wakati ule, juu ya barabara namba 10. Kwenye picha ya mbele Watt anaendesha gari yake ndogo, na mushale unaonyesha 55 sawasawa. Mwanamuziki mumoja mukubwa wa roki alikuwa ametoa wimbo wa kulalamikia sheria ile. Wao wakamujibu kwa kucheka: sisi gari tunaiendesha kwa sheria, lakini muziki wetu hauna kizuizi. Wengi wanaihesabu disiki ile kati ya kazi bora za roki ya Marekani katika miaka ya 1980.

Mwisho wa 1985 bendi R.E.M., iliyokuwa inapanda kwa kasi, iliwaita wafungue konseri zao. Sasa walisimama mbele ya watu wengi kuliko zamani. Wasikilizaji wengi hawakuwafahamu, lakini mulango ulikuwa umeanza kufunguka.

Walirudi nyumbani katika Desemba. Boon alikuwa na homa. Watt alimupelekea maneno ya nyimbo mupya yaliyoandikwa na Richard Meltzer, wakapanga kuyafanyia kazi. Haikuwezekana tena. Boon aliondoka kuelekea Arizona, si kwa konseri, bali kwa matembezi ya familia kipindi cha Noeli. Alilala nyuma kwa sababu ya ugonjwa. Chuma kinachoshika magurudumu ya nyuma kilivunjika, gari ikatoka barabarani. Barabara ilikuwa ileile namba 10, iliyopewa nafasi katika jina la disiki yao.

Kilichobaki

Minutemen ilikufa siku ileile. Watt alivunjika moyo kabisa, akataka kuacha muziki. Lakini mwaka 1986 kijana mumoja wa Ohio, Ed Crawford, aliyeipenda sana bendi ile, alifunga safari mpaka San Pedro kumwomba aanze tena. Pamoja na Hurley wakaunda fIREHOSE, wakazunguka na muziki mpaka 1994. Tangu kifo cha rafiki yake, Watt anaweka jina la D. Boon katika kila disiki anayotoa, na ameendelea kusafiri kwa namna ileile: gari, vyombo, watu wachache. Alianza besi juu mama ya rafiki yake alimwambia ajaribu, na ikawa kazi ya maisha yake yote.

Mwaka 2001 mwandishi Michael Azerrad alitoa kitabu juu ya bendi za njia ile, na jina la kitabu alilitoa katika wimbo wa Minutemen. Mwaka 2005 ikatoka filamu ya maisha yao, We Jam Econo. Bendi nyingi zilizojulikana dunia nzima kisha hapo zilianza kwa kupita katika baa zile ndogo, radio zile za wanafunzi, na kulala chini katika nyumba za watu.

D. Boon hakuona hayo. Alipewa miaka sita tu ya Minutemen, tena si kamili. Lakini ndani ya miaka ile hakungoja tajiri afike San Pedro. Alipakia bafle ndani ya gari, akahesabu mafuta, akaondoka, na kila pahali alipopita aliacha vijana walioanza kuhesabu ya kwao.